Lile pengo chini ya paa lina kazi yake
Mwandishi aliyeandika juu ya banda la zamani la kukamulia ng'ombe nje ya Mbarara, Uganda, anasema eti pengo lile kati ya ukuta na paa liliachwa kwa sababu mabati yaliisha! Hapana. Marehemu baba alikamua humo, mimi nikimfuata na ndoo, na pengo hilo ndilo lililokuwa pumzi ya banda. Ng'ombe 12 wamebanana, mkojo unafukuta, joto na harufu yote ilipanda ikatokea pale. Hao Frisiani, ng'ombe wa maziwa wa kigeni walioletwa kutoka Kenya miaka ya 1960, hawavumilii joto kama ng'ombe wetu wa Ankole, ambao hata banda hawakujengewa, zizi la miiba liliwatosha. Mwandishi angeinama pia aone sakafu: saruji ilichorwa mistari kwa ncha ya fimbo ingali mbichi, kwato zisiteleze, na yote inainamia mfereji mmoja upande wa bondeni. Chumba cha maziwa kikatengwa, ukuta mnene, kidirisha chenye wavu wa nzi. Sasa nasikia wanaolikarabati wameziba pengo kwa matofali. Nani amepita huko karibuni, ni kweli?