Njia ya Kurudi Ndiyo Inayosahauliwa

Ofisi kuu ikiwa Amu, ghala Mokowe na tawi Malindi, zote zimeunganishwa kwa VPN (handaki la siri linalopita juu ya intaneti), lalamiko ni lile lile: "Mokowe haiioni Malindi," yaani kompyuta za ghala hazifikii za tawi. Anayefika kwanza huzima ruta (kifaa kinachopitisha data kati ya mitandao) na kuiwasha. Tabia hii inatugharimu, kwa sababu ruta nyingi huweka kumbukumbu za matukio kwenye memori inayofutika umeme ukikatika. Ushahidi umekwenda, hitilafu imebaki.

Anza na namba, yaani anwani za IP. Amu na Malindi zote zikitumia 192.168.1.0/24 (fungu la anwani zote zinazoanza na 192.168.1), kompyuta ya Amu inayotafuta 192.168.1.50 itaamini kifaa hicho kimo ofisini humo humo, na pakiti (kifurushi cha data) haitaifikia ruta kamwe. Hapo hakuna VPN itakayosaidia. Badilisha namba kwanza. Amu ipe 10.20.1.0/24, Mokowe 10.20.2.0/24, Malindi 10.20.3.0/24.

Sasa njia zenyewe. Tuseme mnatumia WireGuard, programu ya VPN, na Amu ndiyo kitovu ambacho matawi mengine hupitia. Fundi huweka kule Mokowe njia ya kwenda 10.20.3.0/24, akaridhika. Lakini ruta ya Malindi, kwenye AllowedIPs (orodha ya anwani zinazoruhusiwa kupita handakini), imeandikiwa 10.20.1.0/24 tu. Pakiti ya Mokowe huvuka bahari, hupita Amu, hufika Malindi, kisha hutupwa mlangoni kwa kuwa anwani ya mtumaji haimo kwenye orodha. Ukiongeza 10.20.2.0/24 hapo, hakikisha pia iko kwenye jedwali la njia, orodha inayoiambia ruta data ya anwani ipi ipite wapi, la sivyo jibu litatokea upande wa intaneti na kupotea.

Ping (jaribio la kuuliza kifaa kama kinajibu) ya kawaida kutoka kwenye ruta hudanganya. Hutoka na anwani ya handaki la VPN, hivyo yaweza kujibiwa huku kompyuta za wafanyakazi zimekwama. Lazimisha itoke na anwani ya ndani ya ruta ya Mokowe, 10.20.2.1. Upande wa pili washa tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, utazame: ombi limefika? Jibu limetokea mlango gani? Na usiipime kompyuta ya Windows, maana fayawoli yake mara nyingi hukataa ping ya mtandao mwingine. Pima ruta au printa.

Ping ikipita lakini faili kubwa zikakwama, shuku ukubwa wa pakiti. WireGuard kwa kawaida huwa na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti) 1420. Ondoa baiti 28 za vichwa, kisha jaribu kutoka Windows ya Mokowe kwenda ruta ya Malindi:

ping -f -l 1392 10.20.3.1

Ikikataa, punguza hadi ipite, ongeza 28, upate MTU halisi. MSS, kiasi cha juu cha data ndani ya pakiti moja ya TCP, iwe pungufu yake kwa 40. Kwa 1420 ni 1380.

Kiungo cha redio cha Mokowe na Amu kina lake. Mawimbi yake hugonga uso wa maji na kurudi, kwa hiyo nguvu yaweza kubadilika maji yakijaa na kupwa. Hitilafu ambayo saa yake husogea mbele kama dakika 50 kila siku inafuata maji ya bahari. Usiguse jedwali la njia, kabadilishe kimo cha antena.

Ninalolipinga kabisa ni kuwasha NAT (kubadilisha anwani za watumaji wote kuwa moja) ndani ya handaki ili "ifanye kazi". Itafanya, kweli. Ila seva ya Malindi itaiona Mokowe nzima kama anwani moja, kumbukumbu za nani alifungua nini zitakosa maana, na siku Malindi itakapotaka kutuma kazi kwenye printa ya Mokowe, njia haipo, kwa sababu hakuna aliyeiandika.