RAM inunuliwe jozi, siyo mojamoja

Sisi tunajenga kidogo kidogo. Mwaka huu tofali, mwaka kesho bati, madirisha Mungu akijalia, na nyumba inasimama. Wengi wetu tunaunga kompyuta za mezani kwa mtindo huohuo: mwezi huu kasha na pawa saplai, mwezi ujao ubao mama (bodi), prosesa mshahara ukitoka. Sina ugomvi na utaratibu huo, mashine yangu ya kwanza niliiunga hivyohivyo. Lakini ndani ya kasha kuna kitu kimoja kisichokubali haba na haba, nacho ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo mashine inashikilia kazi inayoendelea. Ukiinunua moja leo na nyingine baada ya miezi minne, unaweza kulipa kwa usiku mwingi wa kutolala. Nimeyaona kwa karibu, kwa binamu yangu.

Yeye anahariri video za harusi. Aliunga mashine yake kwa akili kabisa: prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G, ambayo ina kadi ya picha ndani yake, kwa hiyo hakulazimika kununua kadi ya pembeni. Bodi nzuri yenye sloti nne za RAM. Pesa ikamwishia hapo. Dukani akaambiwa, "Kaka, chukua moja ya GB 8 kwanza, nyingine utaongeza. RAM ni RAM tu." Akachukua. Baada ya miezi minne akapata hela ya sendofu moja kubwa, akanunua ya pili kwenye duka jingine. Zote DDR4, yaani za kizazi kimoja cha RAM, zote GB 8. Akazichomeka, Windows ikamwonyesha GB 16, akanitumia picha ya skrini kwa furaha.

Kisha mtu akamwelekeza aingie kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya bodi inayofunguka kabla ya Windows, awashe XMP, mpangilio wa kuipa RAM kasi zaidi, ili mashine iende kasi. Akawasha. Mashine ikawaka bila kulalamika, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu hakuna kilichoonekana kibaya. Intaneti ilifunguka, muziki ulipiga, video ilikatwa na kupangwa vizuri. Jumamosi akaanza kutoa video iliyokamilika ya saa mbili. Ilipofika asilimia 70, skrini ya bluu. Akarudia, ikafa asilimia 40. Mara ya tatu ikamaliza, akashukuru Mungu, lakini alipoitazama akakuta pale bibi harusi anapoingia ukumbini picha imejaa vipande vya kijani, kama kioo kilichopasuka.

Alisafisha Windows na kuiweka upya mara mbili. Akanunua programu ya kuua virusi. Akabadilisha diski. Wenye harusi wanapiga simu, na yeye hana la kuwaambia. Nilipofika kwake nilikuwa na flashi yenye MemTest86, programu ya bure inayowaka yenyewe kabla ya Windows na kuipima RAM seli kwa seli. Hazikupita dakika kumi, mistari myekundu ikaanza kushuka kwenye skrini. Tukazima, nikachomoa kipande cha pili, tukaacha kipimo kikimbie hadi asubuhi. Hakuna kosa hata moja.

Tuliviweka vile vipande viwili mezani na kusoma lebo. Kimoja kimeandikwa kasi ya 3200, cha pili 2666.

Naomba nieleze kilichotokea, maana nikisikia mtu anasema "RAM ni RAM tu" naumia. Kila kipande cha RAM kina chipu ndogo pembeni inayobeba maelezo yake: kasi inayoiweza, muda inaosubiri kabla ya kujibu, volti inayotaka. Bodi ikiwaka inasoma maelezo ya vipande vyote, kisha inavipeleka vyote kwa mwendo wa kile dhaifu. Ndiyo maana mwanzoni mashine ya binamu ilitulia: vyote viwili vilikuwa vinakwenda 2666. Lakini XMP ni mpango mwingine. Ni mwendo wa juu kuliko ule wa kawaida, aliouandika mtengenezaji kwa ajili ya kipande chake mwenyewe, na kwenye DDR4 mara nyingi unapandisha volti kutoka 1.2 hadi 1.35. Ukiuwasha, bodi inauchukua mpango wa kipande kimoja na kuutandaza kwa vyote. Kile cha 2666 kikalazimishwa kukimbia 3200, mwendo ambao hakuna aliyewahi kuahidi kwamba kinauweza. Kikajitahidi. Kwa kazi ndogo kikaweza. Kwa kazi ya saa mbili mfululizo, huku kimepata moto, kikaanza kuandika herufi na kusoma nyingine.

RAM inayokosea haisemi kwamba imekosea. Inajifanya virusi, inajifanya diski mbovu, inajifanya Windows imeharibika. Mtu anatumia pesa kutibu ugonjwa ambao hana, na faili zake anazoziandika zinaharibika kimyakimya wakati huo wote. Kwa anayehariri harusi ya watu, hilo si jambo dogo, maana harusi hairudiwi.

Kuna jipu la pili nililolikuta palepale. Vipande vyake alivichomeka kwenye sloti ya kwanza na ya pili, pamoja, karibu na prosesa, kwa sababu vilikaa vizuri kwa macho. Kwenye bodi nyingi za sloti nne, hizo mbili ni chaneli moja, yaani njia moja ya data kati ya RAM na prosesa. Ukiwa na vipande viwili, pa kuviweka ni sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Hesabu yake ni hii: DDR4 ya 3200 kwenye chaneli moja inapitisha GB 25.6 kwa sekunde, kwenye chaneli mbili GB 51.2. Na prosesa kama 5600G haina RAM ya picha ya kwake, inakopa hiyohiyo ya mashine. Kwa hiyo binamu alikuwa akiinyima nusu ya njia, kisha anashangaa kwa nini video inakwamakwama akiitazama. Yote haya kwa sababu ya kuruka sloti moja.

Nawajua watakaonijibu. "Mimi nimechanganya RAM miaka mitano na mashine inadunda." Ni kweli, na sikatai. Zile kompyuta za ofisi zilizotumika, zinazoingia kwa makontena na kujaa madukani, nyingi haziruhusu XMP kabisa, zinakwenda kwa mwendo wa kawaida uliowekwa na JEDEC, chombo kinachopanga viwango vya kumbukumbu. Hapo ukichanganya kipande cha 2400 na cha 2666, vyote vitakwenda 2400 na utaandika barua zako kwa amani. Kama mama yangu angetaka kuongeza RAM kwenye mashine ya duka lake, ningemwambia aongeze yoyote ya kizazi hichohicho, tena ya bei nafuu. Maneno yangu ni kwa anayeunga mashine mpya, anayelipia kasi na anayetaka kuiona hiyo kasi.

Tena usidanganyike kwamba ukinunua jina lilelile umepata kitu kilekile. Chipu nyingi za RAM duniani zinatoka kwa kampuni tatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Wengine wengi tunaowaona kwenye maboksi wananunua chipu hizo, wanazibandika, wanaweka bati la rangi juu. Toleo la mwaka huu linaweza kubeba chipu za mwingine, na jina kwenye boksi lisibadilike hata nukta. Corsair wanastahili sifa hapa, kwani kwenye lebo za RAM zao wanaandika namba ya toleo, na tarakimu yake ya kwanza inakueleza nani alitengeneza chipu: 3 ni Micron, 4 ni Samsung, 5 ni Hynix. Jozi inayouzwa kwenye boksi moja imepimwa pamoja, na hicho ndicho unacholipia hasa.

Kwa anayeingia kwenye DDR5, kizazi kilichofuata DDR4, jambo hili ni zito zaidi. Bodi za AM5, zile za prosesa za AMD za kuanzia Ryzen 7000, zinapokea DDR5 tu, hazina ruhusa ya kurudi nyuma. Kwa prosesa za Ryzen 7000, AMD wenyewe wameandika kwamba vipande viwili vinaruhusiwa kasi ya 5200, lakini ukijaza sloti zote nne wanakuahidi 3600 tu. Soma tena hizo namba. Mtu ananunua vipande viwili vya kasi leo, mwakani anaongeza viwili "vya kujazia", na mashine inarudi nyuma kuliko ilivyokuwa, au inagoma kuwaka. Sloti nne kwenye bodi ya DDR5 mimi naziona ni mbili. Nunua jozi ya kukutosha tangu mwanzo: kama unajua utahitaji GB 32, tafuta 16 mara mbili, usianze na 8 mara mbili kwa nia ya kujaza baadaye.

Na ukishaichomeka DDR5, ukawasha, ukaona skrini nyeusi, subiri. Mara ya kwanza bodi inajifunza RAM yake, na kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa. Nimemwona mtu mzima akizima na kuwasha mara sita, kila mara akiirudisha bodi mwanzo wa somo, kisha akairudisha RAM dukani kwamba ni mbovu.

Kuhusu kizazi nisichukue nafasi kubwa. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288 na kwa mbali ni pacha, ila ule mkato wa katikati uko mahali tofauti. Ikigoma kuingia usiisukume. Intel za kizazi cha 12 hadi 14 zinakubali zote mbili, lakini bodi ndiyo inayoamua ipi, kwa hiyo soma bodi, usisome prosesa peke yake.

Lililo hatari zaidi sokoni ni RAM ya seva. Ile ya DDR4 inaingia kwenye sloti ya kompyuta ya kawaida bila tatizo, klipu inalia "ta!", kisha mashine haiwaki. Muuzaji anaiuza rahisi, na pengine hata yeye hajui. Tazama maandishi ya lebo, kwa mfano PC4-2400T, halafu herufi inayofuata baada ya kistari. Ikiwa U, ni ya kwako. Ikiwa R, ni ya seva, irudishe kwenye droo yake. Herufi hiyo moja nimewafundisha hata wadogo zangu wasiopenda kompyuta.

Kabla ya kutoa hela fungua ukurasa wa bodi yako kwenye tovuti ya mtengenezaji, utafute orodha ya RAM walizozipima. Ni ndefu na inachosha, najua. RAM yako ikikosekana humo haimaanishi haitafanya kazi, ila ikiwemo umepunguza bahati nasibu. Nenda dukani na namba kamili ya jozi imeandikwa kwenye simu, siyo "naomba RAM ya 16".

Nafahamu kwamba nasema haya wakati mbaya. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima, kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba, vyenye njaa isiyoshiba. Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana na Crucial, chapa yao ya wateja wa kawaida kama sisi. Bei ikiwa hivyo, kishawishi cha kununua kipande kimoja kwanza kinakuwa kikubwa kuliko wakati wowote, nami simlaumu anayeshawishika. Lakini kama mfuko unatosha GB 16 tu, chukua 8 mara mbili kwenye boksi moja, ufanye nazo kazi. Siku ukipata zaidi, uza jozi nzima ununue jozi nzima. RAM nzuri iliyotumika haikosi mteja, hasa sasa.

Binamu tulimnunulia jozi ya 3200 ya Corsair. Tukaiweka sloti ya pili na ya nne, tukawasha XMP, tukaiachia MemTest86 usiku kucha, na ile harusi ikatoka siku iliyofuata, bibi harusi akiwa mzima kutoka mlangoni hadi jukwaani.

Juzi kaniandikia kwamba anataka kufika GB 32, na kuna duka amekuta jozi kama yake, jina lilelile, rangi ileile. Nikamwomba picha mbili za lebo, ya aliyonayo na ya dukani. Ya kwake toleo linaanza na 4. Ya dukani linaanza na 5. Nikampigia akiwa bado amesimama kaunta. Jozi yake tumempatia mtu wa kwaya yao anayerekodi nyimbo, GB 16 zinamtosha, na binamu anaongezea hela achukue 16 mara mbili, boksi moja.