Ukoko wa birika si hoja kuu
Makala yenu kuhusu maji ya kisiwa cha Tenerife, Hispania, imeeleza vyema jinsi maji magumu (yenye chokaa nyingi) ya bomba mjini Santa Cruz de Tenerife yanavyoacha ukoko mweupe ndani ya birika, lakini imelipitia juujuu suala la floridi, madini yanayoyeyuka katika maji, ambalo kwetu sisi wa Kisoro, Uganda, tunaoishi chini ya volkano ya Muhavura, ndilo zito zaidi. Kuchemsha hupunguza sehemu ya ugumu, kwa kuwa chokaa hujitenga na maji. Floridi haiondoki, bali hukolea kadiri mvuke unavyopotea. Kikomo cha floridi katika maji ya kunywa kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Madoa ya kahawia kwenye meno ya vijana wetu, ambayo wageni huyadhania kuwa uchafu, hutokana na floridi nyingi waliyoinywa utotoni, meno yakiwa bado yanaundwa. Mwandishi angetupatia vipimo vya kila chanzo, kwani mahandaki ya maji yaliyochimbwa milimani Tenerife hayatoi maji yanayofanana.