Koti la bodaboda si la baiskeli

Jumamosi nilifika Isongole, huku kwetu Mbeya, kwa baiskeli, nimelowa chepechepe, na hakuna tone la mvua lililopenya koti langu. Hata moja. Kijana aliyeniuzia hakunidanganya. "Hili, kaka, hata ukiingia nalo ziwani unatoka mkavu." Alilimwagia maji ya chupa mbele yangu, yakateleza kama kwenye jani la gimbi, na mimi na akili zangu timamu nikahesabu elfu themanini na tano.

Mvua ya Aprili ya upande wetu mnaijua, haina haraka ya kwenda popote. Ilianza Uyole, nikavaa koti, nikafunga zipu mpaka kidevuni, nikaanza kupanda nikijiona mjanja. Katikati ya mlima nikainua mkono nifute miwani, maji yakachuruzika kutoka ndani ya mkono wa koti. Yalikuwa ya moto. Yalikuwa yangu mwenyewe.

Sasa nisikilizeni, maana hili limenikaa kooni tangu siku ile. Karibu kila koti la mvua linalouzwa mjini limeshonwa kwa ajili ya mtu aliyekaa. Dereva wa bodaboda amekaa, kazi yote inafanywa na injini, yeye shida yake ni upepo na maji ya kutoka nje. Ukimfunga kwenye nailoni nzito yenye bitana ya sponji, atakushukuru. Mwendesha baiskeli ndiye injini yenyewe. Katika nguvu zote unazochoma ukinyonga pedeli, robo tu hivi ndiyo inayosukuma baiskeli. Robo tatu zilizobaki ni joto. Kwenye mlima kama ule unatoa joto la jiko, halafu jiko hilo unalifunika na turubai. Ulitegemea nini?

Na kulowa siyo tatizo lenyewe. Ukiwa unapanda, hata ukilowa huna habari, mwili unachemka. Kiama ni pale juu, mlima unapoisha na kushuka kuelekea Kiwira kunapoanza. Miguu imesimama, joto halizalishwi tena, upepo unakupiga na kifua kimeshikana na shati la maji. Maji yanafyonza joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa kavu. Nilishuka kama kilomita mbili tu, vidole vikagoma kubana breki, nikageuza baiskeli na kuisukuma kurudi juu hadi kibanda cha chai. Mtu mzima, na koti la elfu themanini na tano.

Pale kibandani nikamkuta mzee mmoja ametoka Kiwira na mikungu mitatu ya ndizi kwenye baiskeli ya Phoenix. Shati lake lilikuwa limelowa kuliko langu. Nikampa shikamoo, akaitika, akaniangalia nilivyokuwa natetemeka, hakusema kitu. Akafungua salfeti iliyofungwa kwenye keria, akatoa mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko sweta na koti kuukuu la mtumba. Akavua shati, akalikamua, akavaa sweta, akavaa koti juu yake, akakaa kunywa chai kama mtu aliyetoka kulala.

Nikamuuliza, mzee, mbona hukulivaa huko njiani, na mvua yote hii?

"Koti la kushukia hilo, mwanangu. Unapandaje na koti?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi nimesoma takwimu za vitambaa usiku kucha, milimita elfu kumi za mgandamizo wa maji, gramu za mvuke kwa saa 24, na mzee wa ndizi ameshamaliza mjadala kwa mfuko wa nailoni.

Najua mtaniambia kuna Gore-Tex. Haya, ipo, ilianza kuuzwa kwenye makoti miaka ya 1970, na ndiyo, inatoa mvuke huku ikizuia maji, sibishi. Lakini mvuke unatoka pale tu hewa ya nje inapokuwa kavu kuliko ya ndani. Kwenye ukungu wa Rungwe, kitambaa cha juu kikishalowa, unatokea wapi? Na bei yake ukimtajia mama watoto, andaa pa kulala. Ukilipata kwenye mtumba, chukua, ila kagua utepe wa kwenye mishono kwa ndani. Ukibanduka, limeisha hilo. Na usilifue na dawa ya kulainishia nguo.

Mimi sasa natafuta koti jepesi, lisilo na bitana, lenye matundu ya zipu chini ya kwapa, linalokunjika likaenea mfuko wa nyuma. Mgongoni liwe refu, maana ukiinama kwenye usukani koti la kawaida linapanda na tope la tairi linaingia kiunoni. Au funga madigadi, ambayo nyie vijana mnayang'oa mkidhani ni mambo ya kizee. Rangi iwe ya kupiga kelele, njia ile ina malori. Kofia ya koti sitaki: ukigeuka kuangalia lori unaona kitambaa.

Na shati la ndani lisiwe pamba. Ndugu zangu, pamba ni taulo.

Hao bodaboda nao niwape haki yao, japo roho inauma. Wanavaa koti kinyume, zipu mgongoni, na tunawacheka. Wana akili: upepo unazuiwa kifuani, mgongo unabaki wazi kupumua. Waendesha baiskeli wa Ulaya nao kwa miaka mingi wamekuwa wakichomeka gazeti kifuani kabla ya kuteremka mlima. Gazeti la juzi, bure. Nimejaribu Jumatatu, nikafika na matokeo ya mpira yamejichapa kwenye fulana, lakini kifua kikavu.

Lile koti nimempa mdogo wangu, ana bodaboda stendi ya Uyole. Jana kanipigia kunishukuru. Anasema halipitishi maji kabisa.

Kweli halipitishi.