Sumu ya panya Lord Howe: kura ya asilimia 52

Mwezi Juni 1918 meli ya mvuke iliyoitwa Makambo ilipanda mwamba kwenye Kisiwa cha Lord Howe, kilomita zipatazo 600 mashariki mwa Australia. Ilikaa hapo siku tisa ikitengenezwa, na katika siku hizo panya wakashuka nchi kavu. Ndege wa kisiwa kile walikuwa hawajawahi kukutana na mnyama anayepanda miti usiku na kula mayai, na ndani ya miaka michache aina tano zikawa zimekwisha.

Kulikuwa pia na mdudu mmoja mweusi asiye na mabawa, mrefu kama kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole, ambaye zamani wavuvi walimtumia kama chambo. Kufikia miaka ya 1920 hakuonekana tena, akahesabiwa miongoni mwa waliotoweka. Mwaka 2001 watafiti walipanda Ball's Pyramid, jabali tupu lililochomoza baharini kilomita 23 kutoka kisiwani, wakakuta wadudu hao 24 wamejificha kichakani. Jozi mbili zilichukuliwa, na leo bustani ya wanyama ya Melbourne imekwisha kuzalisha maelfu, lakini kuwarudisha kwao palipo na panya kungekuwa ni kuwaandalia panya chakula.

Hapo ndipo lilipozuka suala lililokigawa kisiwa kilichokuwa na wakazi wasiofika 400: je, ni halali kuua kila panya, wa aina kubwa na wa aina ndogo, kwa sumu, ili kilichobaki kipone? Kazi hiyo ilifanyika mwaka 2019. Tani 42 za chambo chenye sumu ya brodifakumu zilimwagwa kwa helikopta milimani na kuwekwa kwa mikono kwenye makazi, na ng'ombe waliondolewa kabla ya kazi kuanza.

Waliopinga wasichukuliwe kuwa ni watu wasiojali mazingira. Brodifakumu huzuia damu kuganda, na panya aliyeila huvuja damu ndani kwa ndani kwa siku kadhaa kabla ya kufa. Hicho ni kifo kibaya, na panya hakuomba kupakiwa kwenye Makambo. Wapo waliohofia watoto wanaookota kila kitu, wapo waliohofia samaki, na wapo waliohofia watalii, ambao ndio uchumi wenyewe wa kisiwa. Zaidi ya hayo kuna ndege asiyeweza kuruka, wa jamii ya kukuziwa, ambaye nguruwe na paka walimpunguza hadi kufikia takriban 30 tu kabla ya kunusuriwa miaka ya 1980. Ndege huyo hudonoa chochote anachokiona. Ilibidi zaidi ya 200 wakamatwe na kufungiwa kwa miezi, kwa maana kwamba karibu ukoo wote wa ndege hao uliwekwa ndani ya vizimba kwa kutegemea hesabu za wataalamu. Kisha kuna kura ya mwaka 2015, ambapo asilimia 52 waliunga mkono. Mahali ambapo kila mtu anamjua jirani yake kwa jina, asilimia 48 si takwimu, ni watu unaokutana nao dukani kila asubuhi.

Hata hivyo, hoja ya waungaji mkono ambayo kwangu ina uzito zaidi si ile ya ndege adimu, bali ni kwamba sumu haikuwa ngeni kisiwani. Kwa miongo mingi wakazi walikuwa wakitega sumu ya warfarini mwaka baada ya mwaka ili kulinda mbegu za kentia, mti wa mapambo wa jamii ya mnazi unaokiingizia kisiwa fedha, na panya wa aina ndogo walikuwa wamekwisha kuizoea. Kabla ya hapo walilipwa kwa kila mkia wa panya waliouleta, na katika miaka ya 1920 waliletwa bundi wawale panya. Bundi wakageukia ndege, nao wakawa tatizo la kuondolewa. Aliyepiga kura ya hapana, kwa hiyo, hakuwa akiepusha mauaji ya panya, bali alikuwa akiyaacha yaendelee bila mwisho.

Hoja hiyo, hata hivyo, ina sharti: kazi lazima ikamilike. Katika Kisiwa cha Gough, Atlantiki ya Kusini, ambako panya wa nyumbani hula makinda ya albatrosi wakiwa hai, operesheni kama hiyo ilifanyika mwaka 2021, na mwezi Desemba mwaka huohuo panya mmoja akaonekana. Wote waliokufa kwa kuvuja damu, pamoja na ndege waliokula chambo kwa bahati mbaya, walikufa bila kuleta kilichokusudiwa. Zanzibar nayo iliwapunguza sana kunguru wa Kihindi miaka ya 1990, fedha zikakatika, na kunguru wamejaa tena. Anayepinga mauaji ya wanyama ana haki ya kumuuliza mhifadhi swali moja kabla ya helikopta kuruka, yaani una fedha, watu na ulinzi wa bandari wa miaka ishirini ijayo, au una fedha za mwaka huu tu?

Lord Howe walilipata jibu lao mapema. Ndege wale walitoka vizimbani na idadi yao ikazidi mara mbili ndani ya muda mfupi. Lakini Aprili 2021 panya wawili walionekana kwenye makazi, dume na jike, na jike alikuwa na mimba. Mbwa wa kunusa, mitego na sumu vikarudi kwenye nyumba za watu, zikiwemo za wale waliokuwa wamesema hapana.