Nani Ajieleze: Anayeomba au Anayenyima?

Maneno siri, haki, sheria na habari tuliyapokea kutoka Kiarabu, na huko yalikotoka bado yanagombana: nyaraka za serikali ni haki ya mwananchi kuziona, au ni siri ya ofisi?

Katiba ya Misri ya 2014, ibara ya 68, inasema taarifa na nyaraka rasmi ni mali ya wananchi. Sheria ya kuwawezesha kuichukua mali hiyo haijatungwa. Jordan ilitunga yake mapema, 2007, ikawa ya kwanza katika nchi za Kiarabu. Ila ilimtaka mwombaji awe raia, tena mwenye maslahi au sababu halali. Akinyimwa, alalamike kwa baraza ambalo mwenyekiti wake alikuwa waziri wa utamaduni. Hiyo ni kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

Wanaohimiza tahadhari katika kutoa nyaraka hawakosi hoja, nami siibezi. Jordan inapakana na Syria na Iraq, na imepokea mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Syria. Rejista yenye majina yao na vijiji walikotoka ikifika mikononi mwa wabaya, walio hatarini ni ndugu waliobaki nyumbani. Tena idara ambayo mafaili yake yamelundikana bila orodha haiwezi kujibu kwa siku chache hata ikitaka.

Lakini hoja hiyo inawalinda wakimbizi. Zabuni, bajeti na barua za ghala zinajifichia tu nyuma yao. Tarehe 4 Agosti 2020, takriban tani 2,750 za amonia nitrati, kemikali ya mbolea inayoweza kulipuka, zililipuka katika bandari ya Beirut na kuua watu zaidi ya 200. Kwa miaka kadhaa maofisa wa forodha walikuwa wakiandika barua kuhusu mzigo ule. Asiyejua lolote ni mpangaji wa ghorofa inayotazama bandari. Lebanon ilikuwa na sheria ya kupata taarifa tangu 2017, ingawa ofisi kadhaa zilikataa maombi kwa kisingizio kwamba amri ya utekelezaji haijatoka.

Kusema kweli, hata ingetekelezwa barabara, nani angeomba barua za ghala asilojua limehifadhi nini? Kwa hiyo naona haki ya kuomba ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni serikali kutangaza yenyewe, kabla ya kuulizwa.

Kwa upande wa kuomba, Tunisia ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Sheria yake ya 2016 haimuulizi mwombaji sababu. Ofisi ina siku 20 za kujibu, na ikikataa, yenyewe ndiyo ionyeshe ni madhara gani yangetokea. Pia iliundwa tume huru ya kusikiliza rufaa. Mzigo wa kujieleza ulihama kutoka kwa mwananchi ukatua mezani kwa ofisa, na kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha sheria yoyote ya aina hii, kuliko wingi wa vifungu vyake.

Kisha Septemba 2022 ikaja amri namba 54, yenye kifungo cha hadi miaka mitano kwa anayesambaza habari za uongo mtandaoni, na adhabu huwa mara mbili anayelengwa akiwa mtumishi wa umma. Hivyo mwandishi wa Tunis anaweza kuomba waraka asubuhi bila kuulizwa anautakia nini. Maswali yanamngoja siku atakapouchapisha.