Mbwa wa kusomewa na uyoga wa Oktoba

Jumamosi iliyopita kitindamimba wangu alimsomea mbwa kitabu. Mbwa kweli, mwenye manyoya ya rangi ya mchanga, kajilaza kwenye zulia la maktaba, na mwenye mbwa kakaa kimya pembeni. Hapa Finland utaratibu huo upo kwenye maktaba nyingi. Mtoto anayeona haya kusoma mbele ya watu hupangiwa dakika chache na mbwa aliyefundishwa kutulia, maana mbwa hamcheki mtu akikosea silabi. Nilipomsimulia mama kwa simu, kule Njombe, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na nyie mlikuwa wapi mpaka mtoto amsomee mbwa?"

Nilicheka, lakini swali halijanitoka.

Naishi Tampere, mwaka wa tisa huu. Baridi hainisumbui kama inavyowasumbua wenzangu wa Dar es Salaam. Aliyekulia Njombe anajua Julai ya kwetu, unavyoamka nyasi zimeganda. Kinachonishinda ni giza. Mwishoni mwa Oktoba saa hurudishwa nyuma, na kuanzia hapo saa kumi na moja jioni ni usiku. Nje hakuchezeki, ndani watoto wanagombania simu. Kilichotuokoa ni maktaba. Ile kuu ya mjini inaitwa Metso, jina la ndege mmoja wa msituni, na jengo lenyewe likitazamwa kutoka juu lina umbo lake. Lipo tangu 1986. Kuazima ni bure, kwa hiyo tunajaza mfuko wa sokoni vitabu kumi na tano, tunarudi nao kwa basi kama watu waliotoka kununua viazi.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Kwenye sherehe zetu Wabongo wa huku hakosekani mtu wa kusema, sahani ya pilau mkononi, "Tatizo letu Waafrika hatupendi kusoma." Wote wanatikisa kichwa. Mimi siku hizi sitikisi.

Bibi yangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye kisomo, enzi zile Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Akitoka shambani anapitia darasani, mtoto mgongoni. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea majirani barua za waume zao. Mimi nilisoma magazeti yaliyofungiwa maandazi, habari nusu nusu, na mpaka leo kuna kesi sijui iliishaje kwa sababu karatasi ilichanwa pale pale hakimu alipoanza kutoa hukumu. Shule yetu ilikuwa na vitabu vya hadithi, tena vizuri. Vilifungiwa kabatini visije vikachanika. Havikuchanika. Havikusomwa pia.

Kwa hiyo sitaki kusikia habari za kupenda na kutopenda. Kitabu cha mtoto kikigharimu zaidi ya kibarua cha siku nzima, mama atanunua unga, na angekuwa mwendawazimu asiponunua unga. Pale Metso nimeona mtoto wa miaka miwili akitafuna kona ya kitabu, mkutubi akakichukua, akakifuta, akakirudisha kwenye rafu. Mfini hakuzaliwa na kitabu mkononi kutushinda sisi. Amewekewa kitabu karibu.

Ila mama yangu naye ana hoja yake. Kwetu, mtoto akikosa hadithi kwa bibi ataipata kwa shangazi, au kwa dada anayemenya maharage jikoni. "Hadithi, hadithi!" mmoja akianza, uani kote wanaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Huku Kiswahili cha wanangu kinaning'inia kwenye ratiba yangu ya kazi. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na wiki yenye zamu za jioni ni wiki isiyo na hadithi. Baba yao anajitahidi, lakini husinzia kabla sungura hajamdanganya fisi. Na vitabu vyenyewe vya Kiswahili navisafirisha kwenye sanduku la kilo 23, vikigombania nafasi na dagaa na unga wa ulezi. Safari iliyopita niliacha dagaa. Mume wangu hajanisamehe.

Kuna jambo moja la huku ambalo mama alilielewa bila maelezo, nalo ni uyoga. Sheria ya Finland inamruhusu mtu yeyote kuchuma uyoga na matunda pori hata kwenye msitu usio wake, mradi asisogelee ua wa nyumba ya mtu. Likizo ya shule ya Oktoba tunaimalizia huko, buti za mpira miguuni, ndoo mkononi, kati ya misindano inayonuka kama ya kwetu. Mzee wa ghorofa ya chini ndiye aliyetufundisha. Usioufahamu acha, na ule mweupe mzuri kupita kiasi usiuguse, huo huua ini. Maneno yale yale mama alikuwa akitupa tulipoingia porini mvua zikishakolea, vikapu kichwani, kutafuta ule mkubwa wa kwenye vichuguu.

Mwezi huu nilikuwa kwenye rafu za uyoga natafuta jina la kitu kilichobaki ndooni. Nikakuta kitabu cha mwaka 2003 cha uyoga wa Tanzania. Wa Tanzania, Tampere! Wamekiandika wataalamu wawili wa Kifini, Marja Härkönen na Tuomo Niemelä, pamoja na Leonard Mwasumbi wa kwetu. Nilikaa chini sakafuni na koti langu. Uyoga wa vichuguu ulikuwemo, na picha yake. Nikapiga picha kurasa kadhaa, nikamtumia mama kwa WhatsApp.

Jibu lilikuja kwa sauti, na nyuma yake jogoo anawika.

"Nimeuona. Wamechuma umeshachanuka sana, huo hauna utamu tena. Waambie waje mvua zikianza, na huyo mjukuu wangu umlete. Atanisomea mimi."